Nani Aende Akamwone Somoe Akidaka

Sogeeni mnisaidie, maana kesi hii nimetupiwa mimi, na imenichosha.

Huko Muheza kuna ndugu watatu wanaoishi nyumba moja na mama yao, Bi Mwanjaa. Hoza ana mikono: hakuna waya wala bomba linalomshinda. Mbwana ana macho: husoma kila karatasi mpaka mwisho, hata ile ya kwenye boksi la dawa ya mbu. Mwajabu ana ukaidi. Akisema hapa sitoki, hatoki.

Bi Mwanjaa alivunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani. Mjukuu wake Somoe, yatima aliyemlea mwenyewe, ni golikipa wa timu ya taifa, na bibi hakuwahi kumwona akidaka hata siku moja. Nusu fainali ilipokaribia, Somoe akapiga simu: "Tukifika fainali nina kiti kimoja cha ndugu. Ni cha yule atakayemwezesha Bibi kuniona nusu fainali."

Sebuleni kulikuwa na king'amuzi kikubwa. Wakanunua kidogo cha chumbani kwa Bibi, kinachotegemea kile kikubwa kupitia waya mnene wa dishi. Kikubwa kikizimika, kidogo nacho hakioneshi kitu.

Hoza akapanda darini. Siku nzima alitambaa kwenye vumbi na kinyesi cha popo, akivuta waya kutoka sebuleni mpaka kitandani kwa mama. Alishuka mweusi, kichwa kimevimba kwa kugonga maboriti. Akawasha. Kioo kikaandika: hakuna mawasiliano.

"Waya wangu ni mzima!" akafoka. "Msinitie wazimu!"

Mbwana akachukua kile kitabu cha maelezo ambacho Hoza alikuwa amekitumia kukalia. Akakisoma mara tatu, huku kaka yake akisonya. Mwishowe akasema, "Kaka, waya umeuchomeka kwenye tundu la kuingilia. Hili hapa ndilo la kutokea." Akauhamisha, na picha ikaja.

Ikakaa dakika saba, ikapotea. Ikarudi, ikapotea tena. Jamani! Hoza alirudi darini mara mbili bure, Mbwana akasoma tena bure, kumbe ubaya ulikuwa koridoni.

Swichi ya umeme wote wa sebule, hata wa king'amuzi kikubwa, iko koridoni, kwenye mlango wa uani, na Bi Mwanjaa ndiye aliyewafundisha wote tangu utotoni kwamba anayetoka kwenda uani huzima. Miaka arobaini! Hata wageni wamezoea. Wakabandika karatasi: USIZIME. Watu wakabonyeza kwanza, wakasoma baadaye. Bibi mwenyewe alikuwa akipaza sauti kutoka kitandani, "Mmezima huko?" na mtu anakimbia kuzima.

Siku ya mechi majirani wakajaa sebuleni. Mwajabu akaegemea ile swichi kwa mgongo. Kila aliyekwenda chooni alinyoosha mkono, na kila mkono aliupiga kofi.

"Dada, njoo basi uone!" wakamwita.

"Sitoki hapa."

Dakika ya mwisho ikapigwa penalti. Mwajabu alisikia kelele za sebuleni, kisha sauti ya mama yake chumbani: "Kadaka! Mwanangu kadaka!" Akalia peke yake koridoni, hajaona kitu, mgongo bado ukutani.

Timu ikaingia fainali, na ugomvi ukaanza hapohapo.

"Bila waya wangu mngesoma nini?" akasema Hoza.

"Waya wako ulikuwa bubu mpaka niliposoma," akasema Mbwana.

"Nyote wawili mlimwona," akasema Mwajabu. "Mimi je?"

Wakamwendea mama awaamulie. Bi Mwanjaa akawatazama, akasema, "Na siku ya fainali mimi nitaangalia wapi?"

Panya walikuwa wameanza kuutafuna ule waya darini, na wa kuuunga ni Hoza tu. Umeme ukikatika, ving'amuzi hugoma mpaka Mbwana avipange upya. Na ile swichi, wote mnajua hakuna mwingine zaidi ya Mwajabu anayeweza kuilinda.

Kwa hiyo msiniambie upesiupesi "mpeni fulani." Kiti ni kimoja, na yeyote atakayekikalia ataondoka na kile alichomfanyia mama yake. Bibi anasubiri, na Somoe ataingia golini Jumamosi.

Je, wewe ungemtuma nani?