Sungura Aanza Upya

Wewe, mara ya mwisho ulipotubu bila kumtaja jirani yako ilikuwa lini? Usijibu. Fikiria tu, mimi nikiendelea.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mto ukabaki mchanga mtupu na vidimbwi viwili: kikubwa cha wote, na kidogo cha akina mama wanyonyeshao. Asubuhi moja Swala alikwenda na kitoto chake kichanga, akakuta kidimbwi kidogo kimebaki tope. Maziwa yake nayo yalikuwa yamekauka.

Hakuna aliyeuliza nani. Wote walimgeukia Fisi.

"Mnatazama nini?"

"Tumbo lako," Sungura akamjibu. "Afukuzwe leo leo, aende nyikani."

Nyikani hakukuwa na tone la maji. Aliyekwenda huko hakurudi.

Lakini mila ni mila: hafukuzwi mtu kabla wote hawajaomba. Kila mmoja husimama mchangani, akamwambia Mungu kosa lake kwa sauti. Ukigusia la mwenzako, unaanza upya. Na maji hayaguswi mpaka wa mwisho amalize. Msimamizi alikuwa Bi Kobe, ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote.

Akaanza Simba. "Ee Mungu, nisamehe kwa kuwa shujaa kupita kiasi."

"Hizo ni sifa, mheshimiwa. Anza upya."

Simba akakohoa. Mwishowe akakiri kwamba mkewe huwinda, yeye hula kwanza.

"Amina," akasema mkewe, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Wengine wakafuata, hadi zamu ya Fisi. Hakuinua kichwa. "Mungu, mimi ni Fisi. Unanijua. Leo alfajiri nilikiendea kidimbwi cha akina mama, nia yangu ni kunywa. Nikakuta maji yamekwisha. Nihurumie."

"Mmesikia?" Sungura akaruka. "Amekiri!"

"Amekiri nia," akasema Bi Kobe. "Umebaki wewe."

Sungura akanyoosha masikio. "Ee Mungu, nakushukuru hukunipa tamaa kama ya—"

"Anza upya."

"Nisamehe, ingawa kosa langu ni dogo ukililinganisha na la Fi—"

"Upya."

"Nisamehe kwa kuwavumilia mno wakosefu, mathalani Nyani, na Ngiri, na—"

"Upya, baba."

Jua likapanda. Sungura akamtaja Tembo. Akamtaja Kunguru. Akamtaja hata marehemu Punda, ambaye hakuwa na la kujitetea. Simba alikitazama kidimbwi kikubwa, kisha akamtazama Sungura, kwa macho yale yale.

Kitoto cha Swala kikaacha kulia. Kimya hicho kiliwatisha kuliko kilio.

Fisi akainuka. "Bi Kobe, yaishe. Sema ni mimi. Nitakwenda, mtoto anywe."

"Keti, Fisi. Wewe umeshasamehewa."

"Nani?" Sungura akageuka. "Fisi huyu?"

"Huyu."

"Amelipa nini?"

"Hajalipa kitu. Ameomba."

"Basi? Kuomba tu?"

"Kuomba tu. Haya, tunakusubiri."

Sungura akafungua mdomo, akatafuta jina. Yote alikuwa ameyamaliza, isipokuwa lake. Swala alikuwa amekipakata kitoto chake, hamtazami mtu.

"Nilikunywa mimi," akasema Sungura.