Kibiriti na Mluzi wa Nyapara

Kibiriti alikula miaka mitatu jela kwa kuiba kuku wawili. Alipotoka tu, akaenda kujiandikisha apige kura ya mwenyekiti wa mtaa. Mgombea mmoja, Mgoha, tajiri aliyehamia pale mwaka jana, akamzuia mbele ya foleni nzima.

"Karani, futa huyo! Aliyewahi kufungwa hapigi kura kwenye mtaa wangu."

"Bosi, kule wala sikuteseka," Kibiriti akasema. "Unalala umejiachia, unageuka unavyotaka."

"Acha fiksi wewe! Mnabanana ubavu ubavu kama dagaa, na hageuki mtu mpaka nyapara, mfungwa mwenzenu, apige mluzi!"

"Mluzi mmoja?"

"Miwili, fala wewe! Mmoja wa kuwaamsha, wa pili ndio mnageuka wote!"

Mama muuza vitumbua aliyekuwa kwenye foleni akauliza, "We Mgoha, si ulituambia ulikuwa Dubai?"

Watu wakaangua kicheko. Karani akainua kalamu. "Sasa mzee, nifute mmoja au wawili?"

Mgoha akafuta jasho. "Usifute mtu. Mwandike."

Kibiriti akaandikwa, akamsogelea Mgoha sikioni.

"Hukunikumbuka, nyapara? Nilikuwa nalala wa tatu kutoka mlangoni. Kule ulipiga mluzi, nikageuka. Leo nimepiga mimi."