Mzee Shaweji na Picha Isiyo na Mwisho

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya wanyama kusema. Ni zamani ya juzi juzi, watu walipokuwa bado wanaita filamu picha, na shujaa wa picha wakimwita steringi. Palikuwa na fundi cherehani mjini Tabora, jina lake Shaweji. Sogeeni karibu. Nitawapa watu watatu, na kila mmoja nitamsifu, lakini msimwamini yeyote mapema. Hata mimi msiniamini sana.

Mzee Shaweji alikuwa na mapenzi mawili: kutazama picha na kushuku watu. Akinunua nyama, alitaka kwanza aone mizani ikiwa tupu. Akiamkiwa kwa sauti nzuri mno, aliitikia "marahaba" halafu akauliza, "Haya, unataka nini?" Akiingia sinema alikaa benchi la nyuma kabisa, mgongo ukutani, asiwe na mtu nyuma yake. Lakini taa zikizimwa, mzee yule yule alilia, alicheka, alimpigia steringi kelele: "Geuka! Yuko nyuma yako!" Nadhani pale ndipo mahali pekee alipokubali kudanganywa.

Sinema kubwa ya mji ilikuwa imekwisha kufungwa. Kilichobaki ni kibanda cha video cha kijana mmoja, Hamduni, ng'ambo ya reli kutoka nyumbani kwa mzee: televisheni, mabenchi, na magunia madirishani ya kuzuia jua. Hamduni alikuwa mtafsiri. Picha ikisema Kichina au Kihindi, yeye alishika kipaza sauti akaisema kwa Kiswahili, sauti ya mwanamume, ya mwanamke na ya mtoto, zote zikitoka koo moja. Mzee Shaweji alitazama, akatoka akilalamika, na kesho yake akarudi.

"Picha za siku hizi ni uongo mtupu," alisema. "Mtu anaanguka toka ghorofani, anainuka, anapangusa suruali! Zamani steringi akipigwa ngumi moja, hata sisi tulioketi tulishika taya. Na adui ulimjua tangu anaingia. Ana masharubu, anacheka peke yake. Siku hizi adui ndiye rafiki wa steringi, wanakula sahani moja. Hiyo inatufundisha nini?"

"Mzee wangu," alijibu Hamduni, "hizo zako za zamani mtu ana risasi tumboni, na bado anaimba nyimbo tatu kabla ya kufa."

"Anaimba kwa sababu ana la kusema. Hawa wako wanakufa kimya kama mende."

Walibishana hivyo kila siku, na Hamduni hakuwahi kumwachia mzee ushindi wa bure. Akiona mzee kakosea, alimwambia kakosea, mbele ya watu. Hilo liwekeni akilini.

Sasa, picha moja Mzee Shaweji aliiweka juu ya zote. Watu wa Tabora waliiita Picha ya Daraja. Ilikuja kwa treni enzi za sinema kubwa, mikanda yake ndani ya makopo ya bati. Steringi, mtoto wa mjane, anavuka daraja la kamba juu ya korongo. Ng'ambo hii mama yake anamwita. Ng'ambo ile adui ameshika panga, anaikata kamba, uzi baada ya uzi. Watu wamepanda juu ya viti. Na papo hapo, kitambaa cheupe! Hakuna picha. Mwendesha mashine, jina lake Bilali, akatoka kwenye chumba chake akasema, "Jamani, kopo la mwisho limepotelea kwenye treni."

Kopo halikuonekana tena, na mji ukagawanyika. Hawa walisema kamba ilikatika, wale walisema haikukatika. Shaweji, kijana wakati huo, alisema haikukatika, akashikilia hivyo mpaka mvi zikamjaa. "Steringi hafi," alisema. "Watengenezaji wa zamani walikuwa watu wenye adabu. Wasingemwua mtoto mbele ya mama yake."

Mwaka ukaja, macho yake yakaanza kufifia. Daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Mzee akamshuku daktari, akaenda kwa mwingine. Wa pili akasema yale yale. Hapo Mzee Shaweji akaogopa, na hakuogopa giza, aliogopa watu. Alikuwa na mjomba kipofu. Ndugu walimchinja mbuzi wa mjomba huyo, wakamlisha nyama yake, wakamwambia ni zawadi ya jirani. Naye mjomba akala, akamtumia jirani salamu za shukrani.

Mzee alikuwa na binti mmoja tu, Mwasiti. Yeye ndiye aliyeshika cherehani tangu baba alipoanza kulikosa tundu la sindano. Kila nguo aliyoshona, baba aliupapasa mshono kwa kidole gumba akitafuta kosa. Akilikosa, hakumwambia binti kwamba amelikosa.

"Mwanangu," alimwambia, "kipofu ni mtu anayetazama picha iliyotafsiriwa maisha yake yote. Lazima nimpate mtafsiri nisiyemshuku. Mmoja tu ananitosha. Huyo ndiye atakayekuwa macho yangu, na atakaloniambia nitalishika. Na kabla taa hazijazimwa, nataka nione mwisho wa ile picha."

Maneno hayo yakatembea mjini, yakamfikia Bilali. Siku ya pili Bilali akaja nyumbani kwa mzee, kichwa chini, kwapani ana kopo la bati lenye kutu.

"Ndugu yangu Shaweji," akasema, "halikupotelea kwenye treni. Nililificha mimi."

Mzee akauliza, "Kwa nini?"

"Sababu utaiona mwenyewe ukitazama."

Wakalifungua. Harufu ya siki ikajaa chumba. Mkanda ulikuwa umeharibika kwa unyevu, umegandamana ukawa donge moja, hauvutiki wala haubanduki. Bilali akalia machozi ya kweli, au tuseme yalionekana ya kweli. Akataka kuusimulia mwisho kwa mdomo.

"Nyamaza!" mzee akamkatiza. "Umeudanganya mji mzima tangu tukiwa vijana, leo nikuamini kwa sababu umeleta kutu? Nitajuaje kama kopo lenyewe ndilo hili? Mimi nataka kuona."

Hamduni aliposikia, alifunga kibanda, akapanda treni kwenda Dar es Salaam. Akazunguka Kariakoo, kwa kila muuza santuri za video, akiulizia picha ya steringi kwenye daraja la kamba. Wengine walimcheka, wengine walimwuzia picha nyingine zenye daraja. Akalala kwa watu, akasubiri, akaulizia tena. Mwisho akaipata, nzima, kwa Mhindi mmoja mzee aliyekuwa ameihifadhi kwa mapenzi yake tu. Akarudi Tabora mbio.

Alichelewa. Alimkuta mzee akipapasa ukuta wa kibanda akitafuta mlango, na jua la saa nane linawaka. Hamduni aliona uchungu mpaka akatamani asingerudi na kitu.

"Iweke," mzee akasema. "Mimi nitasikia, nyinyi mtaona. Na usitafsiri. Ukitafsiri nitakusikia wewe, sitaisikia picha."

Wakaketi. Hamduni kwenye mashine, Bilali kulia kwa mzee, Mwasiti kushoto. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia. Adui akacheka, mzee akasema, "Ndiye huyo." Upepo wa korongo ukavuma. Mama akaita. Panga likagonga kamba, likagonga, likagonga. Mzee akasimama. Likasikika yowe moja refu, kisha kimya, kisha mama akaanza kuimba. Na nyimbo za picha za zamani mnazijua: za arusi na za msiba zina machozi yale yale.

Ninyi nitawaambia alichoshindwa kukiona yeye. Kamba ilikatika. Steringi alianguka korongoni, mama yake akamshukia, akafia mapajani mwake.

"Zima," akasema Mzee Shaweji. "Tokeni nje. Mtaingia mmoja mmoja, kama polisi wanavyohoji kwenye picha, nisije nikapewa jibu mlilopatana."

Wakatoka. Akamwita Bilali kwanza.

"Umeona nini?"

"Amekufa, ndugu yangu. Alikufa tangu siku ile."

Akamwita Hamduni.

"Umeona nini?"

"Yu hai, mzee. Kamba imekatika, lakini ameshika mizizi ya mti ukingoni. Mama amelala kifudifudi, ametupa khanga yake chini, kijana ameidaka, anapanda. Ndipo mama anaimba."

Akamwita Mwasiti.

"Umeona nini?"

"Sikuiona picha, baba. Nilikuwa nakutazama wewe."

Mzee akawaita wote, akawaambia kila mmoja alivyosema. Fikirini nyuso zao.

"Picha moja, majibu matatu," akasema. "Mmoja ananipa maiti, mmoja ananipa mtu aliye hai, mmoja hana cha kunipa. Semeni. Kwa nini macho ya mmoja wenu yawe yangu?"

Bilali akasema: "Mimi nililificha kopo kwa sababu kule picha ilikoonyeshwa kabla ya kuja kwetu watu walivunja viti, wakapiga mawe chumba cha mashine. Unawajua watu wetu, steringi hafi. Mke wangu alikuwa mjamzito, nikaogopa. Lakini uongo ule umenila. Nilipita mbali na duka lako miaka yote, usije ukanisimamisha ukaniuliza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi siwezi tena kukudanganya, ndugu yangu, sina nguvu hizo. Leo peke yangu nimekuambia kilichopo."

"Umeniambia leo," akasema mzee, "kwa sababu picha imepatikana. Isingepatikana je?"

Hamduni akasema: "Nimedanganya, sikatai. Lakini ulipokuwa na macho, mzee wangu, nani alikuambia ukweli kunishinda? Nilikupinga kila siku, kwa sababu ungeweza kutazama na kunijibu. Leo huna pa kutazama. Nimelala kwa watu, nimezunguka jiji, nikakuletee maiti gizani? Mtafsiri hamtafsirii televisheni, anamtafsiria mtu. Nilikupa picha uliyoisubiri."

"Na siku nyumba yangu ikiungua," akasema mzee, "utaniambia ni jirani anachoma mahindi?"

Hamduni akainama.

Mwasiti akasema: "Mimi sina picha ya kukuambia, baba. Picha ile ni yenu. Lakini najua ulishika benchi kwa mikono miwili. Najua adui alipocheka ulikunja uso kama unavyomkunjia muuza nyama. Na mama alipoanza kuimba, ulitabasamu, halafu midomo ikakutetemeka. Nadhani ulijua kabla hujatuuliza. Mimi nilitaka kuona hilo tu."

Bilali akaguna: "Hivi kweli, picha iliyougawa mji, mtu akae mbele yake asiitupie jicho? Binti ameogopa kusema amekufa, akaogopa kusema yu hai. Amejificha katikati. Mimi ni mwongo wa zamani, naijua njia hiyo."

Naye Hamduni akaongeza: "Na tuseme ni kweli. Mtu asiyetazama mbele, atamwongozaje mwenzake? Nyoka akipita njiani, yeye anamtazama baba yake!"

Mwasiti akasema kwa sauti ya chini, "Wewe je, baba? Mishono yangu yote umeipapasa. Umewahi kuona mmoja uliokudanganya?"

Nje reli ilikuwa pale pale kati ya kibanda na nyumba ya mzee, na treni ya jioni ilikuwa karibu kupita. Ilimbidi avushwe. Na alikwisha sema mwenyewe: atakayemchagua, atakaloambiwa atalishika. Akasimama, akanyoosha mkono mbele yake, hakumtaja mtu. Nilipouliza baadaye ni nani alimvusha, kila mmoja wa watatu wale aliniambia ni yeye.

Kwa hiyo mimi sijui, na nyinyi ndio mnipe jibu. Lakini msiniambie upesi kwamba damu ni nzito kuliko maji. Waliomla mbuzi wa mjomba walikuwa damu yake. Msiniambie ukweli ni ukweli. Bilali alisema wake baada ya kuchelewa maisha mazima. Msiniambie nia njema inatosha; kipofu havuki reli kwa nia njema ya mtu.

Mkono wa mzee uko pale, umenyooshwa gizani, na treni inakuja. Je, nani alistahili kuushika?