Subana ya Bi Kima

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa sindano, uzi uko kwenu.
Vuta, tusikie!

Nimesimama kuwaamkia, na kofia ninayoshona imesimama nami. Nimeishona pamoja na kanzu yangu, hapa gotini. Chekeni, mmalize. Nimefika Moroni, nimefika Maskati, kote nimeona kofia zikishonwa, na mikono hii haikujifunza kitu. Bi Mwanashee, nifumulie taratibu, nami huku nasimulia.

Hapo kale za kale, Bi Kima alikuwa mshona kofia. Siku moja akaja Chui. Akasema anaoa Ijumaa, anataka kofia nyeupe pe.

"Nikiona tone moja la damu," akasema, "nitavaa ngozi yako."

Bi Kima akaanza kushona. Kitambaa kilikuwa mkunjo juu ya mkunjo, kigumu. Akisukuma sindano, ncha inapenya kitambaa, kitako kinapenya kidole. Damu ikachungulia. Akaiweka kofia mbali, akakimbia kutafuta subana, ile kofia ya kidole inayokinga sindano.

Akaenda kwa Konokono. Konokono akampa gamba la marehemu shangazi yake. Likapwaya, sindano ikateleza.

"Kwetu linakaa vizuri," akasema Konokono, ambaye hana kidole hata kimoja. "Kasoro ni kidole chako."

Akaenda kwa Kaa. Kaa akampa ganda la gando lake la zamani. Likambana, kidole kikawa rangi ya zambarau.

"Kwetu linakaa vizuri. Kasoro ni kidole chako."

Akaenda kwa Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Akapewa ncha ya mdomo, ndefu, inang'aa, kila aliyeiona aliisifu. Kidole hakikukunjika. Akawa anashona kama mtu anayewaelekeza wageni njia.

"Kwetu inakaa vizuri. Kasoro ni kidole chako."

Bi Kima akakaa chini akalia, maana kesho yake ndiyo Ijumaa. Kobe akapita, akauliza kulikoni, akaelezwa. Kobe hakumpa kitu. Alimwambia tu ashone kidogo, amtazame.

"Mwenzangu," akasema Kobe, "wewe unasukuma kwa ubavu wa kidole. Mbona unafunika ncha?"

Bi Kima akakitazama kidole chake kana kwamba amekiazima. Kweli, vidonda vyote viko ubavuni. Akakata kipande cha ngozi kwenye mkoba wake, akakiroweka, akakishona pete, akaivaa ikiwa bado mbichi. Ilipokauka, ikashika umbo la kidole. Ubavu umekingwa, ncha iko wazi, inahisi kitambaa. Sindano ikagonga ngozi, ikashika adabu.

Ijumaa Chui akaja. Akaigeuza kofia nje, akaigeuza ndani, akainusa. Hakuna damu. Akaivaa, akaenda harusini na njaa yake.

Basi, ndugu zangu, usiazime subana ya mtu kabla hujajua sindano inakuchoma wapi. Inayomkaa mwenzio imekikaa kidole chake, si chako.

Hadithi nimeipiga fundo, uzi nimeukata. Mwenye kitambaa aendelee.

Naam, Bi Mwanashee, naona umemaliza kufumua, na kanzu imepona. Ahsante, dada yangu. Sasa niazime subana yako, kwa leo tu.

"Kata mkoba wako," anasema Bi Mwanashee.