Bwana Wolfert Anakua

Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani, huko kaskazini ambako theluji hufika magotini, kijiji kimoja kilikuwa na utaratibu wake wa kuchora. Mkuu wa kijiji huchorwa mkubwa. Mkewe wastani. Wengine wote? Sisimizi! Nao walitazama picha hizo kwenye ukuta wa kanisa wakaamini. Mnacheka? Haya, chekeni.

Bibi Lisbet, mchoraji mzee, alivuka milima kwa miguu hadi kusini. Kru, kru, kru, miezi mitatu. Akarudi na jambo moja: aliye karibu achorwe mkubwa, aliye mbali mdogo. Jicho linavyoona, basi.

Bwana Wolfert, mkuu wa kijiji, akamwagiza achore siku ya gulio. Yeye mwenyewe akapanda jukwaani, nyuma kabisa, asije akaguswa na watu. Mbele alikuwa Trina, dobi, akikamua shuka za Bwana Wolfert huyohuyo.

Swaa, swaa, brashi ikapita. Picha ikafunuliwa. Trina amejaa ukutani, hadi mipasuko ya vidole inaonekana. Bwana Wolfert? Njugu.

"Bibi! Huyu ni mimi?"

"Ndiwe. Ulisimama mbali."

"Nikuze!"

"Njoo mbele basi, hapa kwa Trina."

"Kwa dobi? Mimi?" Povu likamtoka. "Nikuze, la sivyo utahama leo hii, na theluji hiyo!"

Bibi alikuwa na miaka themanini. Angefia njiani, kila mtu alijua.

"Bibi wee, nifute tu," Trina akanong'ona. "Nimezoea."

"Koma! Kuzoea huko ndiko kunakonichefua."

Baraza likaketi. Wazee tisa, ndevu tisa. Wakakohoa, wakapiga kura: kuanzia leo, aliye mbali ndiye mkubwa. Sheria ikapita!

"Naitii," akasema Bibi Lisbet. "Bwana, rudi nyuma nikuchore upya."

Bwana Wolfert akarudi nyuma. Kru, kru. "Nimekua?"

"Kidogo! Ongeza!"

Kru, kru, kru. "Sasa je?"

"Unamkaribia Trina! Ongeza!"

Akapita uzio. Akapita kinu cha upepo. Akapanda kilima, akashukia upande wa pili, sauti ikawa kama ya mbu: "Nimekuaaa?"

"Baraza linasema mkubwa mno!" Trina akajibu, na kwa mara ya kwanza akacheka mbele za wazee.

Bibi Lisbet akaosha brashi zake, akabaki kwake.

Nanyi mnaopanda majukwaa msiguswe na watu, somo ni hili: ukubwa wenu mmeupitishia kura wenyewe.

Hadithi yangu naitua hapa. Mkikutana na Bwana Wolfert huko aliko, mwambieni bado kidogo.