Pimbi na Albamu Aliyoitaka Kiboko

— Wenyeji, mpo?
— Tupo.
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
— Basi yategeni, naanza.
— Anza, tunakufuata.

Hapo kale paliondokea Pimbi mmoja, akikaa kwenye mawe ya juu ya mto. Mwili mdogo, mkia hana, ila sauti ilimzidi kimo. Pimbi huyo alikuwa na bendi. Yeye alipiga gita la umeme, tiling'i-tiling'i, na umeme wenyewe aliuazima kwa kambare wa mtoni, yule ambaye ukimgusa unaruka. Bi Nungunungu alitikisa miiba yake, cheke-cheke, kayamba tosha. Mzee Chura aliimba sauti ya chini, krooo, krooo. Walichukua ngoma za mababu wakazitia gita, na watu wakauita muziki wao roki ya mwambani.

Nyimbo zao zilikuwa za kuchekesha, na zote ziliuliza. Ni nani aliyekula maboga ya Bi Kanga? Ni nani aliyemaliza pilau ya harusi ya Ngiri kabla bwana harusi hajanawa? Ni nani aliyeoga kwenye kisima cha kunywa? Wanyama walicheka mpaka wakashika mbavu. Jibu walilikisia, lakini jibu lenyewe lilikuwa zito, lina mdomo mpana, na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Siku moja Mzee Chura alikohoa katikati ya wimbo. Akakohoa tena. Walipopumzika akasema, "Wanangu, koo linaniaga. Kabla halijaondoka, ningependa kuisikia sauti yangu ikiimba, nami nimekaa kitako nasikiliza. Tutoe albamu."

Sasa, siku hizo albamu ilitolewa kwa kasuku. Unawaimbia kasuku, wanashika, kisha wanaruka kijiji hadi kijiji wakiziimba nyimbo zako, na gita lake, na kayamba lake, na kikohozi chake kama ulikohoa. Hawaongezi, hawapunguzi. Kasuku akishashika neno, halimtoki. Na kasuku wote wa mto ule walikuwa wa Kiboko. Walilala pangoni mwake na kula mtama wake.

Wakaenda kwa Kiboko. Wakamkuta kajilaza topeni, anatafuna.

"Shikamoo, mzee," akasema Pimbi.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tunaomba kasuku, mzee. Tutoe albamu yetu ya kwanza."

Kiboko akatafuna, akameza, gubwi. "Kasuku ni wa nani?"

"Ni wako, mzee."

"Pango ni la nani?"

"Ni lako, mzee."

"Basi na nyimbo zitakuwa za nani?"

Kiboko akajibu mwenyewe. "Zangu. Kasuku wataanza kwa kusema: hizi ni nyimbo za Kiboko, katunga Kiboko, anaimba Kiboko. Majina yenu siyataki humo. Kama hamtaki, njia mliyojia ipo."

Wakatoka. Miiba ya Bi Nungunungu ilikuwa imesimama yote. Mzee Chura akasema polepole, "Tuache. Nilitaka kusikia sauti yangu. Sikutaka kusikia sauti yangu ikiitwa Kiboko."

Pimbi alipanda juu ya jiwe, akakaa, jua likimpiga mgongoni. Moyo ulimuuma. Nyimbo zile alizitunga mwenyewe, mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja alikumbuka alikuwa amekaa jiwe gani ulipomjia. Akaanza kuziimba kwa chini, kama anayeziaga. Ni nani aliyekula maboga. Ni nani aliyemaliza pilau. Akafika hapo, akasita. Akarudia. Ni nani. Ni nani. Kisha akashuka jiweni taratibu.

"Mzee Chura, sauti yako utaisikia," akasema. "Mniruhusu tu niseme 'ndiyo, mzee' kwa muda."

Wakarudi pangoni.

"Mzee, tumekubali," akasema Pimbi. "Ila lipo jambo dogo. Nyimbo zetu zinauliza ni nani, ni nani. Sisi wadogo kuuliza si aibu. Lakini mkubwa kama wewe asimame mbele za watu aulize ni nani? Watasema hajui mambo ya mto wake. Kwa nini tusitie 'ni mimi'?"

Kiboko alikuwa hajawahi kuusikiliza wimbo wao mpaka mwisho. Walipokuwa wakipiga ngomani, yeye huwa karibu na vyungu. Lakini neno lile lilimpendeza.

"Mimi," akasema, akilionja. "Mimi ni neno zuri. Litieni kila mahali."

Wakajipanga. Kasuku wakakaa safu kwenye ukuta wa pango, vichwa upande.

"Wimbo huu ni wa nani?" akauliza Kiboko.

"Ni wako, mzee."

"Mimi imo?"

"Imejaa tele, mzee."

"Haya, pigeni."

Tiling'i-tiling'i, cheke-cheke, krooo. Ukaja wimbo wa pili.

"Huu nao ni wa nani?"

"Ni wako, mzee."

"Mimi imo?"

"Imefurika, mzee."

"Haya, pigeni."

Ulipofika wa tatu hakuuliza tena. Alikuwa amelala, forooo, forooo, na kasuku wakashika na mkoromo wake.

Albamu ilipoiva, Kiboko akaita wanyama wote ukingoni mwa mto waje waisikie. Wakaja na watoto wao. Kiboko akakaa mbele, kajipaka tope jipya. Pimbi alisimama nyuma ya Bi Nungunungu. Akawaza, je, wakicheka tu, wakaenda zao?

Kasuku wakaanza kwa pamoja: "Hizi ni nyimbo za Kiboko, katunga Kiboko, anaimba Kiboko." Kisha tiling'i-tiling'i. "Ni mimi niliyekula maboga ya Bi Kanga."

Hakuna aliyecheka.

"Ni mimi niliyemaliza pilau ya harusi ya Ngiri." Cheke-cheke. "Ni mimi niliyeoga kwenye kisima cha kunywa." Krooo. Halafu forooo, forooo, na mkoromo ule kila mtu aliujua.

Bi Kanga akainuka, mtandio begani. "Kumbe ni wewe, mwenzangu," akasema kwa upole. "Nami nililaumu mvua."

"Wimbo tu huo," akasema Kiboko.

"Wimbo wako," akasema Ngiri. "Mke wangu alilala njaa siku ya harusi yake."

Akainuka Nyati naye, ambaye hupenda maji safi na ana pembe. Aliinuka tu.

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. "Sikilizeni," akasema, na sauti yake ikajaa bonde zima. "Nyimbo hizi si zangu. Sikutunga hata neno. Katunga Pimbi, wameimba Pimbi na Nungunungu na Chura."

"Basi maboga kala Pimbi?" akauliza Bi Kanga.

Pimbi akatoka nyuma ya miiba. "Bibi, boga lako moja ningeweza kulifanya nyumba. Mimi niliuliza ni nani. Mzee ndiye aliyetaka iwe mimi."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka hata Nyati akakaa chini. Na kasuku, ambao hawaongezi wala hawapunguzi, walikuwa wameshika kila neno. Tangu siku hiyo, kila kijiji walichotua, albamu ilimalizika kwa sauti nzito ya Kiboko mwenyewe: "Nyimbo hizi si zangu. Katunga Pimbi, wameimba Pimbi na Nungunungu na Chura." Bendi gani imewahi kutangazwa hivyo?

Kiboko akalima shamba la Bi Kanga msimu ule, kwa miguu yake minne, na inasemekana alilima vizuri. Mzee Chura akakaa kitako kwenye jani, mikono tumboni, akajisikiliza. Wimbo ulipokwisha akasema, "Huyo wa sauti ya chini anajua." Akaomba warudie.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka aiweke, mtu mwingine ataipita aiokote.

Na funzo lake ni hili, watoto. Msibishane na wakubwa. Mkubwa akikitaka kilicho chenu, mpeni. Mpeni chote, na jina lake mkamwandikie juu.