Kata ya Mize

Hapo zamani, na msiniulize lini, maana nami nilisimuliwa tu, palikuwa na kijiji cha wasukaji mikeka. Wapenzi wa huko hawakuombana radhi kwa maneno. Maneno ndiyo yaliyoharibu! Aliyekosa alijaza maji kata ya kifuu, akampa mtu mzima apeleke. Aliyekosewa akiyanywa, amesamehe. Lakini maji hayo hayalali: jua likizama hayajanywewa, penzi limekufa.

Basi Shomvi alimpenda Mize, na Mize akampenda Shomvi, hata akamsukia mkeka. Siku moja harusini, Shomvi, mdomo wake hauna kifuniko, akasema mbele za watu: "Mkeka wa Mize? Ukiulalia unaamka na mistari kama punda milia!" Watu wakacheka. Mize akaenda zake nyumbani, akalia.

Kesho yake Shomvi akajaza kata, akampa Bi Kirembo, somo wake Mize, mwanamke aliyemfunda. Jua likazama. Bi Kirembo akarudi na kata imejaa vilevile. Shomvi akafunga mzigo, akahama, akaoa huko. Mize naye akaolewa, akazaa, akafiwa na mume.

Ikapita miaka thelathini. Bi Kirembo akaugua, akawa mtu wa kitandani. Akaagiza waitwe wote wawili. Wakamkuta ameshika kata ya maji.

"Wanangu, kosa ni langu. Siku ile nilimsikia Mize analia. Nikasema, nikimpa sasa atayamwaga. Nikakaa barazani nimngoje anyamaze, usingizi ukanichukua. Kuamka, jua hakuna. Nikaona haya kusema. Yanyweni haya, niende kwa amani."

Mize akalia tena, kama siku ile. "Somo, siwezi kunywa. Nilikuona kwenye tundu la mlango. Nilijua maji ni yangu. Nikasema, acha naye akae roho juu kidogo. Nikakuona unasinzia, nikaona jua linashuka, nisikuamshe. Kosa ni langu. Anywe Shomvi."

"Mimi?" Shomvi akasema. "Mimi niliyekucheka? Kwenu palikuwa hatua arobaini tu, Mize. Arobaini! Nikahama bila kuja kukuuliza. Na mkeka wako niliondoka nao, nao haukuwa na kosa lolote. Ninywe nini mimi? Kunyweni nyinyi."

Bi Kirembo anamnyoshea Mize kata, Mize anaisukuma kwa Shomvi, Shomvi anairudisha kwa Bi Kirembo. Kila mmoja anasema ni mimi, na desturi mnaijua: aliyekosa hanywi, hunywa aliyekosewa. Jua nalo limefika dirishani, linashuka.

Je, nani alistahili kuyanywa maji yale? Semeni upesi, wenzangu, mkono wa bibi unachoka.